Mama Mimi na ndugu aliyeandika nyuma ya lori

Katika mahakama ya wilaya iliyo nyuma ya soko, hakuna mtu aliyeungama makosa mengi kama Mama Mimi. Ameungama wizi wa pikipiki, ameungama kughushi sahihi ya marehemu, ameungama kumvunja mkwewe jino kwa mwiko. Kuna siku asubuhi alikuwa mjane aliyenyang'anywa kiwanja, na kabla ya saa ya chakula akawa shemeji aliyemnyang'anya. Ndiyo kazi ya mkalimani wa mahakama. Shahidi akisema "mimi nilimwona", mkalimani hasemi "anadai kwamba alimwona". Anasema "mimi nilimwona", bila kuongeza wala kupunguza, na mwenye maneno amekaa kando yake akimtazama mdomo.

Makarani ndio waliompa jina hilo, na lilimkaa. Wakili mmoja mzee, mtu wa mizaha, alikuwa akimsalimia kwenye korido:

"Umeamkaje, mhalifu sugu?"

"Salama, wakili. Leo nimekuja kukana mashtaka yote."

Alizijua lugha nne kama vyumba vya nyumba yake, na mbili zaidi za kuombea maji. Kiti chake kilikuwa kulia kwa kizimba. Hapo mezani aliweka glasi ya maji ya vuguvugu, na shahidi alipoanza kumwaga maneno kama mtu aliyefungulia bomba, alimwinulia vidole viwili: ngoja, nikufikie. Watu wengi, waliofika pale na hofu, walitulia walipoviona vidole hivyo. Waliona kuna mtu anayetaka kusikia mpaka mwisho.

Nyumbani kazi iliendelea. Aliishi na mama yake mzazi katika nyumba ya vyumba viwili na jiko, na mama masikio yalikuwa yamemchoka. Mtu akiwa mbele yake alimwelewa kwa kumsoma uso, lakini sauti ya simu ilimfikia kama nyuki ndani ya chupa. Kwa hiyo Jumapili, Brashi alipopiga simu, Mama Mimi alikaa katikati. Brashi alikuwa mdogo wake wa mwisho, fundi wa kuchora na kuandika kwenye magari, na alikuwa anakaa nchi ya jirani mwaka wa tisa sasa.

"Mama, mimi mzima," Mama Mimi alisema kwa sauti ya juu, simu sikioni. "Mama, nimepunguza kidogo kitambi."

"Muongo," mama alisema. "Mwambie hajawahi kuwa na kitambi cha kupunguza."

"Muongo wewe," Mama Mimi aliiambia simu. "Hujawahi kuwa na kitambi cha kupunguza."

Na kule mbali Brashi alicheka, na kicheko hicho hakikuhitaji mkalimani, maana mama alikiona usoni mwa binti yake.

Kilichompeleka Brashi mbali kilikuwa ubao wa nyuma wa lori. Miaka ile barabara inayotoka sokoni kwenda machimbo ya kokoto ilikuwa imeoza. Palikuwa na shimo moja karibu na daraja ambalo madereva walilizungumzia kama mtu wanayemfahamu. Mhandisi wa manispaa aliahidi kulifukia, akaahidi tena, na kati ya ahadi hizo pakafunguka mengine mawili ubavuni mwake. Mwenye lori mmoja, aliyekwisha kuvunja ekseli pale, alimletea Brashi ubao wake. Akasema, andika chochote, mradi watu wacheke kwenye foleni. Brashi akaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: MHANDISI HONGERA, SHIMO LAKO LIMEJIFUNGUA MAPACHA.

Lori lilizunguka mji na maneno hayo, likashusha kokoto hadi mlangoni kwa ofisi ya manispaa. Watu walicheka. Mhandisi hakucheka. Kulikuwa na kifungu katika sheria ya makosa ya jinai kilichosema kumdhihaki afisa wa umma akiwa katika kazi yake ni kosa, na Brashi akapandishwa kizimbani. Mama Mimi aliondolewa kwenye kiti chake siku ile, kwa kuwa mtuhumiwa alikuwa damu yake. Akakaa benchi la nyuma kama mtu baki na kumsikiliza mkalimani mwingine, kijana wa mikoa ya mbali, akiligeuza neno "limejifungua" katika lugha ya mahakama kwa neno la hospitalini, kavu, ambalo lingeweza kuandikwa kwenye cheti. Utani ukafia palepale. Kilichobaki kilikuwa tuhuma tupu.

Brashi alipewa dhamana kwa sharti moja: asiandike wala kuchora chochote hadharani mpaka kesi iishe. Hakimu wa wakati ule alidhani anampunguzia. Lakini kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na Brashi akashinda nyumbani akiyatazama makopo yake ya rangi yakiganda utando. Mikono ilimwasha. Alimwandikia mama kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko HAPA NI KWA MPISHI ASIYELIPWA, halafu akaufuta kwa hofu kabla jirani hajaingia. Asubuhi ya kesi iliyofuata hakuonekana. Alikuwa amekwisha vuka mpaka.

Sasa, mwaka wa tisa, Mama Mimi alikuwa kantini akinywa chai pale redio iliposema kwamba mahakama ya juu kabisa imekifuta kifungu kile. Majaji walisema afisa wa umma anatakiwa awe na ngozi ngumu kuliko watu wengine. Kantini nzima ilizungumza juu ya mpira. Mama Mimi alikiweka kikombe chini polepole, kana kwamba kimejaa kupita kiasi.

Brashi hakungoja Jumapili.

"Dada, wamekifuta."

"Nimesikia."

"Basi nirudi?"

Angetamani kusema ndiyo hapo hapo. Miezi ile mama alikuwa ameanza kugawa vitu vyake: sufuria kubwa ilikwenda kwa jirani, shali nzuri kwa binti wa mpangaji wa banda la uani, na mtu akimuuliza sababu husema vinamchosha kuvitazama. Alichokataa kukigawa kilikuwa godoro jembamba lililosimama nyuma ya mlango. "Hilo lina mwenyewe," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini Mama Mimi alikuwa amekaa mahakamani miaka mingi mno kuamini kwamba mlango mmoja ukifunguliwa nyumba nzima iko wazi.

"Ngoja niulize," alimwambia ndugu yake.

Alimuuliza wakili wa msaada wa sheria, binti mmoja mwembamba aliyetembea haraka na viatu vya raba, mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la vipuri.

"Mama, kifungu kimekufa, hiyo kweli," wakili alisema. "Lakini hati ya kukamatwa haikutokana na utani. Ilitokana na kutofika mahakamani. Hiyo sheria nyingine, na iko hai."

"Hata kama kesi yenyewe haipo tena?"

"Hata kama. Tutaomba iondolewe. Pili, kuna mhandisi. Alifungua kesi ya madai, ya kuchafuliwa jina. Hiyo si ya serikali, ni yake mwenyewe, na amestaafu sasa, ana muda."

"Lakini shimo lilikuwepo. Kila mtu aliliona."

"Ukweli ni utetezi mzuri sana," wakili alisema, akajikuna kichwa kwa kalamu. "Tatizo ni kuuthibitisha. Umepita daraja lile siku hizi?"

Alikuwa amepita. Palikuwa na lami nyeusi kama kioo, na taa.

Akitoka pale Mama Mimi alitaka kuichukia sheria ya majina yaliyochafuliwa, lakini moyo haukumkubalia. Alimkumbuka muuza mbogamboga mmoja ambaye jirani yake wa meza alimtangazia kwamba anawapa sumu wateja. Mwanamke yule alikaa kando yake kizimbani, mikono ikinuka vitunguu, akasema, na Mama Mimi akasema baada yake: "Mimi, watoto wangu wanapita sokoni wakiwa wameinamisha vichwa." Hukumu ikatoka kwamba yule jirani asimame sokoni, saa ya watu wengi, akanushe kwa sauti ileile aliyotangazia. Akakanusha. Siku ile Mama Mimi alirudi nyumbani kifua mbele. Sheria ileile iliyomwinua yule mama wa mboga ndiyo sasa ilikuwa imekaa kwenye njia ya Brashi, na haikuwa na sura mbili. Ilikuwa moja tu, ikimsikiliza kila anayeiita.

Ombi la kuondoa hati likapangiwa siku, na Mama Mimi akaitwa kuwa shahidi. Asubuhi hiyo msajili wa mahakama, bosi wake, alimsogeza kando ya ngazi. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza akitazama tai yake.

"Mama Mimi, kule ndani sema ukweli wote. Lakini ukitoka nje ya mlango, kanuni za utumishi unazijua. Mtumishi wa mahakama hazungumzii kesi. Waandishi wapo."

"Hata ya ndugu yangu?"

"Hasa ya ndugu yako."

Akala kiapo. Ajabu ya kwanza ilikuwa kimo: kizimba kiko juu kuliko kiti chake kwa kipande kidogo, na kutoka pale chumba kile alichokifahamu kilionekana kigeni, feni imeinama, hakimu yuko karibu. Hakimu alikuwa mama mgeni pale, amehamishiwa hivi karibuni, mwenye sauti ya upole. Aliinua macho kutoka kwenye faili.

"Shahidi, ndugu yako anakusudia kurudi?"

Mama Mimi alilisikia swali, akalipokea kama alivyopokea maelfu mengine. Akageukia kushoto, akainamisha kichwa kidogo, akaliuliza kwa lugha ya kwao, polepole, kama mtu anavyomuuliza mwenye hofu: "Unakusudia kurudi?" Akangoja jibu.

Kushoto kwake palikuwa na ukuta.

Karani alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Yule wakili mzee wa mizaha, aliyekuwa anangoja kesi yake, alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Mama Mimi aliendelea kuutazama ukuta kwa kitambo kidogo, maana alijua hasa mdogo wake angekaaje pale, bega moja juu, rangi kwenye kucha, akitafuta jibu la kuchekesha.

"Shahidi," hakimu alisema, "jibu wewe."

"Samahani, Mheshimiwa. Ni mazoea."

"Chukua muda wako."

"Anataka kurudi," alisema. "Mimi sijui kama anakusudia. Ninajua anataka."

Uamuzi ulitoka kabla ya mchana. Mahakama haiwezi kumwondolea hati mtu asiyekuwepo. Afike mwenyewe, ajieleze kwa nini alikimbia, na mahakama itamsikiliza kwa moyo wazi. Haikuahidi zaidi ya hapo, na Mama Mimi, aliyewahi kuzitamka hukumu za kila namna, alijua kwamba moyo wazi si ahadi.

Nje kwenye ngazi mwandishi wa redio alimsogezea kinasa sauti.

"Mama, kifungu kimefutwa lakini ndugu yako bado anasakwa. Unasema nini?"

Maneno yalimjaa mdomoni. Alikuwa nayo kwa lugha zote nne. Juu ya ngazi msajili alikuwa amesimama akitazama tai yake.

"Sina la kusema, mwanangu."

"Si wewe ndiye mkalimani? Kazi yako kusema, eti leo huna?"

Watu wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Naye akashuka ngazi akiwa ameyameza yote, na yakamkaa kifuani siku nzima kama kipande cha muhogo kisichoshuka.

Jumapili alimweleza Brashi hatua kwa hatua. Mama alikuwa amekaa karibu, akimsoma uso, na mara hii uso haukuwa na mengi ya kusomwa.

"Kwa hiyo nije, nijisalimishe, halafu wanifikirie," Brashi alisema.

"Ndivyo ilivyo."

"Na mzee mhandisi?"

"Kwa wakili wake amesema ukimwomba radhi hadharani ataiondoa kesi yake."

"Niombe radhi kwa nani, kwa shimo au kwa mapacha?" Akacheka, kisha sauti ikapungua. "Sawa. Tuseme yote yamekwisha, nimekaa hapo kwa Mama, nimeshiba. Kazi je? Naandika wapi?"

Tangu Brashi aondoke kulikuwa na kanuni mpya ya usalama barabarani: maandishi yoyote kwenye gari yaombewe kibali. Na manispaa nayo ilikuwa na sheria yake ndogo ya mabango, kwamba maneno yapelekwe kwanza, yasomwe, yapigwe muhuri. Hakuna aliyekatazwa kuandika. Ila malori yalikuwa yamebaki na jina la kampuni na namba ya simu tu, na foleni ya kwenda machimboni ilikuwa kimya kama msururu wa majeneza.

Alimweleza.

"Dada yangu wa serikali," Brashi alisema, "utani niupeleke dirishani, nijaze maelezo, nirudi wiki ijayo kuuchukua? Si utakuwa umevunda? Huku nilipo naandika HATARI GESI kutwa nzima. Naandika USIEGESHE HAPA. Herufi zangu nzuri, wananisifia. Lakini lugha yao sijui kuichokoza. Najua kununulia mkate tu. Unajua mara ya mwisho kumfanya mtu nisiyemjua acheke ni lini?"

"Basi njoo ukae bila kuandika."

"Wewe umeweza?"

"Nini?"

"Kukaa. Unasema ya watu toka asubuhi mpaka jioni. Yako umesema lini? Umeweza?"

Mama akamshika goti binti yake. "Anasemaje?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo Mama Mimi alipunguza. "Anakusalimu," alisema.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Mahakamani aliungama kuiba mabati, akadai talaka, akakana mtoto. Lakini swali la Brashi lilikaa naye kitini. Alianza kusikia ni mara ngapi kwa siku anatamka neno "mimi" na ni mara ngapi ndani yake hayumo. Jioni, akipika, lori lolote lililopunguza mwendo pale kona lilimfanya apunguze moto na kusikiliza, halafu likapita. Jambo hilo alikuwa akilifanya miaka yote. Hakuwahi kulitambua mpaka wiki ile.

Jumapili mchana, baada ya kula, mama alijilaza na usingizi ukamchukua mapema. Simu ikalia.

"Niwekee Mama," Brashi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa. "Kaa katikati, dada, ufikishe kama ilivyo."

Mama Mimi alitazama mlango wa chumba, pazia likipanda na kushuka kwa upepo. "Sema," alisema.

"Mwambie: Mama, nimefikiri sana. Nadhani bora usinisubiri. Hilo godoro mpe mtu."

Alinyamaza muda ambao kwa kawaida ungetosha kuyafikisha maneno, mama akayatafakari, na kujibu. Kisha akasema, kwa sauti ile ya upole wa kizimbani:

"Mimi nimechoka kukusubiri, lakini sijui kuacha. Lori likipunguza mwendo hapo kona napunguza moto wa jiko. Nasikiliza. Likipita, naongeza moto. Nimeunguza vyakula vingi kwa ajili yako. Sikutaki na maandishi yako wala bila maandishi yako. Nakutaka wewe, hata ukikaa hapa umenuna kutwa."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa kopo likiwekwa sakafuni.

"Mwambie Mama..." Brashi alianza. "Mwambie Mama asiseme hivyo."

"Mama amelala."

Mama Mimi alimsikia Brashi akivuta pumzi, kama alivyomsikia utotoni chumba kimoja, kabla hajalia au hajatoa kichekesho, usijue kipi kinakuja.

"Uliniuliza kama nimeweza," alisema. "Sijaweza. Nimezoea tu. Na sikufichi kitu: wanaweza kukuweka ndani. Mhandisi bado yupo na kesi yake, na maneno yako utayapeleka dirishani kama watu wote, au utapeleka malalamiko juu ya dirisha lenyewe, hayo utajua wewe na yule wakili wa raba. Mimi siruhusiwi kusimama kwenye ngazi niseme habari zako. Lakini hii si ngazi. Njoo."

Nje watoto wa mpangaji walikuwa wakigombania kamba.

"Dada," Brashi alisema mwishowe. "Hiyo mahakama yenu siku hizi inafunguliwa saa ngapi?"